Injini imesema cheza Na5, kwanini? Stockfish, Leela, Maia, kocha wa Chess.com au chatiboti, ipi itakuelewesha

Swali hili linaulizwa sana na watu walioanza kuchukulia chesi siriasi: injini (programu inayocheza na kuchambua chesi) imenipa muvu, imeandika +0.8, nimeangalia weee sioni kitu, sasa hii muvu ni nzuri kwanini? Na majibu wanayopewa mara nyingi ni jina la apu tu, tumia hii, tumia ile, bila kuambiwa kila moja inajibu swali la aina gani. Msimamo wangu nauweka mapema: kwa mtu mwenye simu na bando la kawaida, injini ya bure ya Stockfish ndani ya Lichess, tovuti na apu ya chesi, ukijua kuiuliza inakuelewesha kuliko zana nyingi za kulipia. Ila kuna sehemu inakwama, na hapo ndo zingine zinaingia.

Kwanza tuelewane kwanini injini haikuambii sababu. Haifichi kitu, haina tu maneno. Stockfish ilitokea 2008 kutoka kwenye injini ya Glaurung ya Tord Romstad, na kuanzia toleo la 12 mwaka 2020 inapima msimamo (yaani vipande vilivyokaa ubaoni) kwa mtandao mdogo wa nyuroni unaoitwa NNUE, wazo la Yu Nasu wa Japani aliyeanza nalo kwenye shogi, chesi ya Kijapani, mwaka 2018. Ule mtandao unatoa namba moja tu kwa msimamo mmoja, afu juu yake kuna utafutaji unaopita mamilioni ya misimamo kwa sekunde na kukata matawi yasiyo na faida, kwahiyo "sababu" ya muvu ni huo mti mzima wa muvu na majibu yake, hakuna mahali ndani ya programu palipoandikwa "cheza hivi kwa sababu mfalme wake yuko wazi". Sababu kwa maneno lazima itengenezwe na mtu, au na programu nyingine inayokaa juu ya injini. Kumbe basi hizi zana zote tunazolinganisha ni njia tofauti za kuitengeneza hiyo sababu, na nyingine zinaitengeneza vibaya.

Halafu ile namba yenyewe. Watu wengi bado wanaisoma +1.00 kama "nimezidi kitunda kimoja". Tangu Stockfish 15.1 ya Desemba 2022 maana yake ilibadilishwa: +1.00 ni kwamba upande huo una uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda, na hapo ni injini kwa injini, sio mimi na wewe saa nne usiku tukiwa na dakika tatu kwenye saa. Ukilijua hili utaacha kuumiza kichwa na tofauti ya 0.15.

Angalia pengo kabla ya kutafuta sababu

Hiki ndo kitu ambacho ningependa kila mtu akijue kabla hajafungua apu yoyote. Weka injini ionyeshe laini tatu au zaidi, yaani muvu bora tatu na mwendelezo wake (Lichess inaruhusu mpaka tano), na uangalie pengo kati ya ya kwanza na ya pili. Kama ya kwanza ni +0.35 na ya pili +0.31 na ya tatu +0.28, hakuna sababu kubwa ya kutafuta, muvu zote tatu zinafaa na ukiiacha injini dakika moja zaidi zinaweza kubadilishana nafasi. Chagua unayoielewa, endelea na maisha. Lakini kama ya kwanza ni +0.2 na ya pili ni −1.5 basi pale kuna jambo, kuna kipande kinapotea au mfalme anaingia matatani, na sababu hiyo inaonekana kwa muvu chache tu ukiifuata. Watu wanapoteza masaa wakitafuta falsafa kwenye pengo la 0.04, afu wanapita haraka kwenye pengo la 2.0 kwa sababu "ok nilikosea tu".

Mfano tutakaoutumia

Tuchukue msimamo ambao karibu kila mchezaji wa mtandaoni amekutana nao (N ni farasi, B askofu, Q malkia, K mfalme, bila herufi kubwa ni kitunda, x ni kula, + ni cheki, nukta tatu ni muvu ya mweusi): 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5. Zamu ya mweusi. Macho yanasema Nxd5, kitunda kiko pale, farasi yuko pale, kula. Na ni kweli watu wengi mno wanakula. Injini inasema Na5, farasi pembeni kabisa mwa ubao, kinyume na kila ulichofundishwa kuhusu farasi kukaa katikati. Kwanini?

Stockfish ndani ya Lichess

Ukikaa tu unaitazama namba hutaelewa kamwe. Kuna maswali mawili ya kuiuliza na yote ni bure.

La kwanza ni kitisho. Kwenye ubao wa uchambuzi wa Lichess ukitumia brauza, bonyeza x kwenye kibodi (au ile alama ya shabaha) na injini inaonyesha mpinzani angecheza nini kama zamu ingekuwa yake sasa hivi, yaani kama wewe ungepita bila kucheza. Hapa inaonyesha dxc6, kitunda cha d5 kinamla farasi. Sawa, sasa tayari tunajua nusu ya jibu: farasi wa c6 yuko hatarini, kwahiyo lazima ama aondoke ama kile kitunda kiliwe. Na5 inamwondoa, tena akiondoka anamgonga askofu wa c4, yule yule anayeilenga f7.

La pili, na hili ndo lenye nguvu, usiulize "kwanini Na5", uliza "kwanini sio Nxd5 yangu". Icheze muvu yako mwenyewe kwenye ubao uone injini inakujibu nini. Utaona inaleta d4 au Nxf7. Fuata Nxf7: 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ na hapa simama ujiulize mwenyewe kabla ya kusoma laini. Malkia anatoa cheki na wakati huo huo anamtazama farasi wa d5 pamoja na askofu. Ukirudi Kg8 unaliwa Bxd5+ na mambo yameisha, Qxd5 Qxd5+ Be6 Qxe6 ni chekimeti. Ili farasi asipotee bure mfalme analazimika kwenda e6, katikati ya ubao, muvu ya saba, malkia wote bado wapo. Kisha 8.Nc3 na farasi wa d5 anashambuliwa na watatu huku amebanwa mbele ya mfalme wake, hawezi kusogea. Sasa linganisha na 5...Na5 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6, mweusi amepoteza kitunda ila askofu wa mweupe lazima akimbie tena, vipande vya mweusi vinatoka haraka na mfalme yuko salama.

Sasa unaelewa. Na hakuna programu iliyokuandikia sentensi hata moja, umeipata kwa kuiuliza injini swali sahihi. Ndo maana mimi naiweka hii juu ya zingine zote kwa makosa ya aina hii, ya kipande, ya cheki, ya mfalme. Utaisahau sentensi uliyoandikiwa, ila ile picha ya mfalme e6 huisahau.

Inakwama wapi? Kwenye muvu za kimya, zisizo na cheki wala kula kipande. Umeweka mfalme upande wa malkia kwenye Sicilian (ufunguzi wa 1.e4 c5), una mipango yako ya g4 na g5, injini inakwambia Kb1. Ukibonyeza x haioni kitisho cha maana, ukicheza g4 yako inakujibu kitu cha kawaida na namba imeshuka kidogo sana. Sababu zipo, a2 inapata mlinzi, mfalme anatoka kwenye mstari wa c ambao kwa Sicilian mweusi ana ngome yake pale, na anatoka kwenye ulalo wa c1 mpaka h6 ambako cheki ya ghafla huwa inaharibu hesabu, lakini laini ya Stockfish haitakuonyesha haya kwa sababu faida yake inatokea muvu kumi na tano mbele kwenye matawi mia tofauti.

Stockfish ya zamani, kwa wenye kompyuta

Hii watu wengi hawaijui na inasikitisha. Stockfish 11 ya mwanzoni mwa 2020, kabla ya NNUE, ilikuwa inapima kwa kanuni zilizoandikwa na binadamu, na ukiifungua kwenye dirisha la amri ukaipa msimamo kisha ukaandika eval inakumwagia jedwali zima: vipande, vitunda, uhuru wa kutembea, usalama wa mfalme, vitisho, vitunda vilivyopita, nafasi, kila kimoja na namba yake kwa mweupe na mweusi. Fanya eval kabla ya Kb1 na baada yake, uone mstari upi umesogea. Kama ni usalama wa mfalme, basi una neno la kuanzia. Kuna pia Stockfish Evaluation Guide kwenye intaneti inayofanya hesabu hizo hizo ndani ya brauza na kukuonyesha kila kanuni imepatikanaje.

Tahadhari moja, sababu ya injini ya zamani sio lazima iwe sababu ya injini mpya. Stockfish za leo zimeziondoa kanuni hizo kabisa, na ukiandika eval zinakuonyesha thamani ya kila kipande kwa kukiondoa kimoja kimoja na kupima namba inabadilika kiasi gani. Inasaidia kujua kipande kipi ndo kinabeba msimamo wako, ila haikupi maneno. Mimi kwa muvu za kimya bado napenda lile jedwali la zamani, linazungumza lugha tunayofundishana.

Leela

Leela Chess Zero ilianza 2018, kazi ya wajitoleaji waliofuata njia ya AlphaZero, programu ya DeepMind iliyojifundisha chesi kwa kucheza yenyewe. Tofauti na Stockfish ni kubwa: kwenye mechi zao za 2017 AlphaZero ilikuwa inaangalia misimamo kama 80,000 kwa sekunde wakati Stockfish ya wakati huo ilikuwa milioni 70. Kwahiyo injini za familia hii zinategemea zaidi jicho, zinahesabu kidogo.

Kwa kuelewa, Leela inakupa vitu viwili ambavyo Stockfish ya kawaida haikupi vizuri. Kimoja ni ushindi, sare na kupoteza kama asilimia tatu tofauti, na hii inasaidia kuliko namba moja, maana 0.00 inaweza kuwa sare iliyokufa au msimamo wa moto ambao yeyote anaweza kushinda, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mtu anayetafuta pointi. Cha pili ni lile wazo lake la kwanza, yaani kabla haijahesabu chochote inaipa kila muvu asilimia ya kubahatisha. Ukitumia programu ya Nibbler kwenye kompyuta unaviona vyote. Sasa linganisha: kama muvu ilipewa asilimia kubwa tangu mwanzo na ikabaki juu, ni muvu ya kanuni, ya mazoea, itafute kwenye mechi za mabingwa wa ufunguzi ule. Kama ilianza na asilimia ndogo kabisa afu baada ya kuhesabu ikapanda kileleni, basi kuna mbinu iliyojificha ndani, ifuate laini muvu kwa muvu mpaka uikute. Hii peke yake inakwambia utafute sababu upande gani.

Tatizo ni mashine. Leela inataka kadi nzuri ya picha, kwenye laptop ya kawaida inakokota, kwenye simu usijisumbue. Na ndani yake nako hakuna maneno, ingawa utafiti uliochapishwa 2022, Vladimir Kramnik, bingwa wa zamani wa dunia, akiwa mmoja wa waandishi, ulionyesha kwamba mtandao wa AlphaZero ulijijengea wenyewe mawazo yanayofanana na ya binadamu. Mawazo yapo, kuyatoa nje ndo kazi.

Maia

Maia watu wanaielewa vibaya, wanadhani ni injini dhaifu. Ilitoka 2020 kwa watafiti wa Toronto, Cornell na Microsoft, imefundishwa kwa mechi za watu wa Lichess ili ibahatishe mtu wa ratingi fulani atacheza nini, na ina matoleo kuanzia 1100 mpaka 1900. Haikwambii muvu bora. Inakwambia muvu ambayo mtu kama wewe angecheza, na inapatia kama nusu ya mara hivi, jambo ambalo kwa chesi ni kubwa sana.

Faida yake iko wapi? Kwenye makosa yako. Kama Maia ya ngazi yako inachagua kosa lile lile na Maia ya 1900 inalikwepa, ujue hilo ni somo la ngazi inayofuata, lifanyie kazi leo. Kama hata ya 1900 inakosea pale, acha, injini imeona kitu cha mbali, utakirudia mwakani. Kwa mtu mwenye muda mchache wa kusoma huu uchujaji ni dhahabu. Kwa swali la "kwanini Na5" haitakujibu kitu.

Kocha wa Chess.com na DecodeChess

Hizi ndo zinazoandika sentensi. Ile tathmini ya mechi ya Chess.com inakuwekea alama kwenye kila muvu na kocha anakwambia jambo moja fupi, kwamba umeacha kipande bila ulinzi, kwamba farasi anaweza kushambulia wawili kwa mpigo. Kwa anayeanza ni nzuri kweli, sikatai, na kwa mzazi anayemsaidia mtoto bila yeye mwenyewe kujua chesi ni bora kuliko namba tupu. Akaunti ya bure unaonjeshwa tu, ukitaka ya kila mechi unalipa. DecodeChess yenyewe inakaa juu ya Stockfish na inaenda mbali zaidi, inakutenganishia vitisho, mipango, na kazi inayofanywa na kila kipande, nayo ukitaka kuitumia sana ni ya kulipia.

Shida yangu nazo ni ile ile ya muvu za kimya. Pale ambapo sababu ni kipande kinapotea, sentensi inakuwa sahihi, lakini pale ungeweza kuiona mwenyewe kwa kucheza muvu yako na kusubiri jibu. Pale ambapo kweli umekwama, kwenye Kb1 yako, sentensi inalegea, inakuwa maneno ya jumla ambayo yangefaa muvu yoyote. Na kuna madhara nayaona kwa vijana wengi, wanasoma ile sentensi, wanabonyeza inayofuata, wanabonyeza inayofuata, mechi nzima imepitiwa kwa dakika mbili na hakuna muvu hata moja waliyoisogeza kwa mkono wao.

Chatiboti

Hapa nataka niwe wazi kwa sababu watu wanazidi kuzitegemea. Chatiboti inaandika vizuri kuliko zana zote nilizotaja, ina mtiririko, ina subira, inakujibu kwa Kiswahili. Ukiiuliza kuhusu 5...Na5 itakupa maelezo mazuri kwa sababu msimamo huo umeandikwa kwenye vitabu kwa karne nyingi. Hapo unaiamini. Kesho unaipelekea msimamo wa mechi yako ya jana, ambao haujawahi kuandikwa popote, nayo inakuelezea kwa ujasiri ule ule kuhusu askofu ambaye hayupo ubaoni. Sauti ya kweli na sauti ya uongo zinafanana, hapo ndo hatari ilipo.

Kama unataka kuitumia, ipe FEN ya msimamo (mstari wa herufi na namba unaoonyesha kila kipande kiko wapi) pamoja na laini tatu za Stockfish na namba zake, kisha uiombe ieleze hizo laini tu, isibuni zake. Inakuwa mwandishi badala ya mchezaji. Na bado kila dai lake lipeleke ubaoni, ikisema "hii inazuia Nf4" nenda kaangalie kama farasi huyo anaweza kweli kufika f4.

Mwisho wa mechi ni habari nyingine

Vikibaki vipande 7 au pungufu, wafalme wakihesabiwa, achana na zote hizo, fungua teblibesi (hifadhi za majibu yaliyokwisha kuhesabiwa) za Syzygy za Ronald de Man ambazo Lichess inakupa bure palepale kwenye uchambuzi. Hapo sio maoni tena, ni ukweli wote, kila muvu inaandikwa inashinda, sare au inapoteza. Kwa kuelewa, angalia ni muvu ngapi zinatosha: kama ni moja tu inayoleta sare kati ya kumi na mbili, ujue kuna kanuni pale, ngome lazima ikae mstari fulani au mfalme achukue mraba fulani, na kanuni hizo zimeshafundishwa miaka mingi. Ila usitegemee kila msimamo uwe na hadithi, upo mmoja wa vipande 7 ambao chekimeti inakuja baada ya muvu 549, hakuna binadamu atakayekueleza kwanini muvu ya 200 ni ile na sio nyingine.

Sasa uchague ipi

Ukiwa na ratingi chini ya 1200 hivi na makosa yako mengi ni ya kuacha vipande, Lichess na ile njia ya "kwanini sio yangu" inatosha kwa mwaka mzima, na kocha wa Chess.com ongeza kama unapenda kusomewa, hiyo ya bure bila kulipa. Ukiwa 1400 mpaka 1900 na una kompyuta, chukua Lichess, Maia ya kuchuja makosa, na Stockfish 11 kwa muvu za kimya, pamoja na daftari la mechi za mabingwa kwenye Lichess hiyo hiyo, maana mara nyingi kuona mabingwa watatu walivyoendelea baada ya Kb1 kunakufundisha mpango kuliko namba yoyote. Leela waachie wenye mashine na wanaojiandaa kwa mashindano ya siriasi.

Kwa wa simu na bando: injini ya Lichess inafanya kazi ndani ya simu yako mwenyewe, kwahiyo ukichagua ile yenye faili dogo, kama MB 7, badala ya ile kubwa inayozidi MB 70, hutamaliza bando na kwa kuelewa makosa ya kawaida hutaona tofauti. Kama mtandao wako ni wa kubahatisha, weka DroidFish kwenye Android, ni bure, Stockfish iko ndani, inachambua bila intaneti kabisa. Hapo hakuna kocha wala sentensi, kuna injini na ubao tu, na lile swali la pili linafanya kazi vile vile: cheza yako, uone inakujibu nini, isogeze mbele muvu nne au tano. Usiiache ikihesabu muda wote, simu inachemka na chaji inakwenda, sekunde kumi na tano kwa msimamo zinatosha kabisa.